Chasi Ndiyo Ichaguayo Pleti: Mafunzo Manane ya Bagi Lililoundwa Ukunda

Ukiendesha bagi la kujiundia kutoka Ukunda kuelekea Msambweni, watu hawakuulizi injini ina nguvu kiasi gani. Kijana wa boda boda akikufikia Mwabungo, askari wa trafiki akikusimamisha karibu na Gazi, mama muuza maembe pale kituoni, wote wana swali lilelile: "Na hii nayo umeipatia wapi namba?"

Swali lina haki yake. Gari lenyewe halina milango wala paa, injini iko nje nyuma, na ukilitafuta kwenye vitabu vya wauza magari hulipati. Bagi langu ni Volkswagen Beetle lililovuliwa bodi lake la bati na kuvishwa bodi la faiba lililoundwa na fundi wa mashua. Chini ni Mjerumani, juu ni Mdigo. Sasa lisajiliwe kama nani? Gari jipya la mwaka huu, au Beetle kuukuu lililobadili nguo?

Nayaandika haya kwa yeyote wa Kwale anayewaza kuunda lake. Msingi wa yote ni kwamba pleti haichaguliwi kwa kupenda. Huchaguliwa na kile unachoweza kukithibitisha.

1. Amua pleti kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea

Mafundi wetu wa jua kali wana desturi ya kuliunda gari kwanza, kisha "mambo ya namba tutaona mbele." Mbele hakuonekani kitu. Kila aina ya usajili inadai gari liundwe kwa namna yake, na ukishakata chuma umeshachagua, ujue usijue.

Ukitaka kubaki na nambari ya gari la zamani, lazima uti wa chasi ubaki mzima, na nambari yake isiguswe. Ukitaka nambari mpya, lazima uwe na karatasi za kuonyesha gari lilikotoka, za forodha au za kiwanda. Ukitaka kusajili kama tuk-tuk, basi ni magurudumu matatu na unaingia katika kundi jingine lenye masharti yake. Hayo ni magari matatu tofauti, hata kama mchoro uliobandika ukutani ni mmoja.

Nilimwomba fundi tukae chini na karatasi kabla ya spana. Alicheka, akasema, "Kaka, wewe unaunda gari au unaunda faili?" Vyote viwili. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haitambui gari barabarani bila usajili, na anayeshughulikia usajili huo ni NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012 na kuichukua kazi hiyo kutoka kwa KRA.

2. Usinunue Beetle, nunua nambari yake

Nambari ya chasi ya Beetle imegongwa kwenye uti wa chuma unaopita katikati ya sakafu, chini ya kiti cha nyuma. Huku kwetu chumvi ya bahari hula sakafu kwanza. Utakuta Beetle limekaa chini ya mkorosho hata unaweza kupanda mchicha ndani yake. Ila ule uti ni chuma kilichokunjwa kwa unene, na mara nyingi hubaki hai. Kwa hiyo ukienda kutazama gari bovu Tiwi au Kinondo, beba brashi ya waya, mafuta ya taa na tochi. Sugua mpaka nambari isomeke yote. Ukikuta tarakimu moja imeliwa, rudisha pesa mfukoni.

Kisha linganisha nambari hiyo na logibuku, na ulipie kupekua rekodi ya gari kwenye mtandao wa NTSA, ili ujue mwenyewe ni nani kwa maandishi, kwa maana wa mdomo wapo wengi. Hapa ndipo Pwani kuna kazi. Beetle mengi yaliyobaki yamesajiliwa kwa majina ya watu waliokwisha tangulia mbele ya haki. Anayekuuzia ni mtoto au mpwa, na nia yake ni safi kabisa, lakini gari bado ni mali ya marehemu. Uhamisho wa siku hizi unapitia akaunti za eCitizen: muuzaji anakubali kwake, mnunuzi anakubali kwake. Marehemu hana akaunti. Itabidi familia ipate kwanza idhini ya mirathi mahakamani, na kwa Waislamu wengi wa Kwale hiyo ni kazi ya Kadhi. Beetle rahisi kuliko yote ni lile ambalo mwenyewe yu hai na anajua kitambulisho chake kiko wapi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye gari la kujiundia, bila daftari mali yenyewe haipo.

3. Kata chasi, usikate ushahidi

Aliyelitangaza bagi duniani alikuwa mtu wa mashua. Bruce Meyers wa California alikuwa akiunda mashua za faiba, na mwaka 1964 akatoa bagi la kwanza la Meyers Manx. Baada ya machache ya mwanzo, akaamua kutumia chasi ya Beetle kama ilivyo, ila akaifupisha kwa karibu sentimita 36 ili gari liwe jepesi kugeuka. Akili hiyo inafaa sana huku kwetu: injini ya Beetle iko nyuma, uzito unakandamiza magurudumu yanayosukuma, haina rejeta ya kuvuja, na bodi la faiba haliogopi chumvi. Mafundi wanaoziba mashua za Shimoni na Msambweni wanaijua faiba kuliko gereji yoyote ya mjini.

Lakini ile kazi ya kufupisha hufanyika jirani kabisa na nambari ya chasi. Welda asiyejua atakata, atasaga, ataunga vizuri, atapaka rangi, na atakuwa amekufutia gari. Mimi nilifunika nambari kwa kipande cha bati kilichokazwa kwa skrubu na kumwambia fundi kwamba pale ni haramu. Nambari ikiharibika usithubutu kuigonga upya mwenyewe, hata kama unaikumbuka kwa moyo. Nambari iliyogongwa gereji huwa inasomwa na wachunguzi kama alama ya wizi.

Piga picha kila hatua: Beetle zima likiwa na pleti yake, bodi likitolewa, uti ukiwa mtupu, chuma kikikatwa, bodi jipya likikaa. Tunza risiti za kila kipuri, hata za misumari. Mkaguzi anayeona gari lisilofanana na logibuku anahitaji kuongozwa kutoka huko hadi hapa, na picha ndizo zinazomwongoza.

4. Nambari mpya kabisa ina milango yake, na ua wa nyumbani si mmojawapo

Nilitamani sana herufi za karibuni. Nani hatamani? Lakini hapa Kenya milango ya kawaida ya nambari mpya ni miwili. Wa kwanza ni forodha: gari limeshuka bandarini Mombasa likiwa na karatasi zake. Kiwango cha KS 1515 cha KEBS, shirika letu la viwango, kinataka gari la mtumba lisizidi miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na steringi iwe kulia. Hapo bagi kuukuu la rafiki wa Ulaya anayetaka kulileta Diani limeshafungiwa nje.

Mlango wa pili ni kiwanda. AVA ya Mombasa huunganisha magari yanayokuja vipande vipande ndani ya makasha. Ukitazama kwa jicho la fundi, ni kazi ile ile ya kufunga nati, ila nyuma yake kuna leseni, hati za vipande na mtengenezaji anayejibu gari likiua mtu. Hata waliokuwa na dola nyuma yao waliona uzito wa kazi hiyo. Nyayo Pioneer, gari lililobuniwa kwa agizo la Rais Moi mwaka 1986, lilionyeshwa hadharani mwaka 1990. Yakaundwa matano tu. Mobius, gari la mabomba ya chuma ambalo wazo lake lilimjia Joel Jackson akifanya kazi na wakulima wa Kilifi, lilifika sokoni likiwa na kampuni kamili nyuma yake, na bado Agosti 2024 kampuni hiyo ilitangaza kufunga kabla ya kupata mnunuzi.

Basi mtu mmoja na welda wake Ukunda asijidanganye kwamba atakuwa mtengenezaji wa magari kwa fomu moja. Njia ya kweli kwa bagi ni kubaki na nambari ya Beetle na kubadilisha maelezo yake. Ni Beetle lililobadilishwa bodi. Ndivyo lilivyo, na ndivyo karatasi iseme.

5. Ushauri wa ng'ambo una mipaka

Shemeji yangu aliye Uingereza alinitumia maelezo marefu ya utaratibu wa kule, na kwa kweli unavutia. Magari ya kujiundia yamepewa nafasi yake katika sheria. Ukiunda kwa vipuri vipya vyote, ukiruhusiwa kimoja tu kilichokarabatiwa, unapata nambari ya mwaka huo. Ukitumia chasi mpya na vipande viwili vikubwa vya gari moja la zamani, unapata nambari inayolingana na umri wa gari hilo. Ikiwa asili haithibitiki, unapewa pleti inayoanza na herufi Q, iliyoanza kutumika mwaka 1983, na kila aionaye anajua hili ni gari la nasaba isiyojulikana. Kwa miaka mingi gari lililobadilishwa sana lilihesabiwa kwa alama: chasi peke yake ilikuwa na alama 5, injini 1, na lilihitaji alama 8 kubaki na nambari yake ya zamani.

Herufi Q huku haina maana hiyo, na hesabu ya alama hutaikuta kwenye fomu zetu. Nilichokichukua ni mizani yao: chasi ina uzito wa injini tano. Ukilijua hilo, hutahangaika na injini ya gari gani, bali na chasi ya nani. Injini inaweza kubadilishwa na nambari yake mpya ikaandikwa kwenye logibuku. Chasi ikiondoka, gari limeondoka.

6. Pleti za mkato ni nne, na zote zinarudi kukudai

Ya kwanza ni pleti ya kuazima. Broka atakwambia ana Beetle jingine lililokufa, logibuku ipo, fungia tu pleti zake. Hilo ni kosa la jinai, na siku ya ajali bima itaomba nambari ya chasi kabla ya kukuuliza kama uko salama.

Ya pili ni pleti za KD, ambazo ni za wafanyabiashara wa magari kwa kuhamisha magari yasiyosajiliwa. Kuziazima uende nazo Galu kunywa madafu si matumizi yake.

Ya tatu ni kujificha katika kundi lisilo lako. Herufi zetu zinasema gari ni la kabila gani: pikipiki huanza na KM, tuk-tuk na KTW, mashine nzito za ujenzi na KHM, trela na Z. Askari wa barabara ya Lunga Lunga anaona tuk-tuk mchana kutwa. Magurudumu manne yenye KTW anayajua kabla hujafunga breki.

Ya nne ndiyo maarufu zaidi Diani: "Hili ni la ufuoni tu, halihitaji pleti." Kufika ufuoni unapita barabara ya umma. Na ufuo wenyewe si kiwanja. Sehemu ya bahari hii ni hifadhi, Diani-Chale, na kasa hupanda mchangani kutaga mayai yao. Tairi pana linalopendezesha picha zako ndilo linaloyaponda. Bagi la Kwale ni gari la barabarani lenye sura ya mchanga, na liwekewe pleti kwa hesabu hiyo.

7. Maelezo yabadilishwe, kisha ukaguzi, kisha bima, kwa mpangilio huo

Ombi la kubadilisha maelezo ya gari huanzia mtandaoni, lakini gari lazima lionekane kwa macho. Kutoka Ukunda nililibeba juu ya brekidauni kwenda kukaguliwa Mombasa. Siku hizi hakuna haja ya kungoja feri ya Likoni: ukikata Kibundani, barabara ya Dongo Kundu inakutoa Miritini.

Mkaguzi hatazami uzuri. Anatazama breki kila gurudumu, taa kubwa na ndogo, indiketa, honi, saidi mira, mikanda ya viti, matairi yasiyotoka nje ya bodi, steringi isiyo na mchezo. Kwenye bagi ongeza mambo mawili. Tangi la Beetle liko mbele, juu ya miguu ya dereva, kwa hiyo mabomba yake yawe mapya na yafungwe vizuri. Na kwa kuwa hakuna paa, nguzo ya chuma ya kukinga kichwa iwe imefungwa kwenye chasi, maana faiba haibebi mtu gari likipinduka.

Kwenye fomu andika ukweli mkavu: bodi wazi, viti vingapi, rangi ipi, injini nambari gani. Ukiliita saluni kwa sababu logibuku ya zamani ilisema saluni, umejiwekea mtego. Mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni, dereva wa lori wa siku nyingi, alinipa neno zuri kuliko la broka yeyote: "Mwanangu, askari hakamati gari geni. Anakamata gari lisilofanana na karatasi."

Bima ije baada ya hapo. Sura ya 405 inamlazimu kila mwenye gari kuwakinga watu wengine, na cheti chake siku hizi ni cha kidijitali, kinachosomwa kwa nambari ya usajili. Bima iliyokatwa kwa jina la Beetle saluni wakati barabarani lipo bagi wazi la viti viwili ni karatasi ya kuvunjia moyo. Mpe wakala picha na logibuku mpya, akatae au akubali akijua.

8. Rangi ya pleti haitakuficha ukibeba watalii, na umbo lake lina kazi

Diani hukosi mtu wa kukushawishi ulikodishe bagi kwa wageni. Hapo watu hudhani kuna pleti ya biashara. Ukivuka mpaka wa Lunga Lunga uingie Horohoro utaona Tanzania inatenganisha: gari binafsi pleti ya njano, la biashara nyeupe. Kwetu gari binafsi na matatu huvaa sawa, nyeupe mbele na njano nyuma, herufi nyeusi. Tofauti iko kwenye leseni na bima ya abiria wa kulipa, na ukiingia utalii utaulizwa pia leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Kwa kuwa pleti haisemi, wengi hujaribu. Lakini mgeni akiumia, kitakachosema ni bima, na bima ya gari binafsi humkana abiria aliyelipa.

Kuhusu pleti yenyewe, Agosti 2022 Kenya ilianza kutoa pleti za kizazi kipya, zenye alama za usalama zisizoigika kirahisi, zikianzia mfululizo wa KDK, na bei yake ikawekwa shilingi 3,000. Gari la zamani likipata pleti hizo, nambari haibadiliki. Beetle langu limesajiliwa kabla ya mwaka 1989 ulipoanza mfululizo wa KAA, kwa hiyo lina herufi tatu, tarakimu tatu na basi, bila herufi ya mwisho. Nilitamani kulirudishia pleti nyeusi za enzi zile, zinavyopendeza kwenye bodi la samawati. Ila pleti ya kuchongesha kwa fundi wa mabango si pleti. Umri wa gari unasomeka kwenye herufi zenyewe, na hilo limenitosha.

Unapoagiza, chagua umbo. Nyuma ya bagi kuna injini na ekzosi, hakuna nafasi ya pleti ndefu. Iliyo ya mraba, ya mistari miwili, ndiyo inayokaa bila kuzibwa. Itengenezee kibao cha chuma chenye taa yake, mbali na moto wa ekzosi, na ikaze kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu. Barabara za ndani za Kinondo na Msambweni zina matuta ya kutosha kuzidondosha pleti mbili, na ikipotea utaanzia kituo cha polisi kutafuta abstrakti.

Kwa anayeanza leo, mpangilio ni huu: pata mwenye gari aliye hai au warithi waliomaliza kwa Kadhi, safisha nambari ya chasi, pekua rekodi, hamisha umiliki, halafu ndipo umwite welda. Watu wengi huanza na bodi kwa sababu bodi ndilo linaloonekana. Lakini bodi la faiba utalibadilisha kila ukichoka na sura yake, na injini utaibadilisha ikichoka yenyewe. Kile kipande cha chuma chini ya kiti cha nyuma ndicho gari mbele ya serikali, mbele ya bima na mbele ya atakayelinunua baada yako. Kinunue hicho kwanza.